Kujenga Makazi ya Gofu Bila Kupoteza Ardhi na Urithi: Mwongozo kwa Wenye Mashamba wa Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Mwongozo huu unawalenga jamaa, vyama vya ushirika na wawekezaji wenye mashamba makubwa, kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Njoro, Kericho, Kisumu na Kakamega, wanaofikiria kugeuza sehemu ya ardhi yao kuwa uwanja wa gofu wenye nyumba za kuuza na hoteli ya wageni. Gofu si mchezo mgeni huku kwetu. Nakuru, Njoro, Kisumu, Kakamega, Kitale na Nandi Hills zina viwanja vyao vya miaka mingi, na juu ya miteremko ya Eburru, katika eneo la Naivasha, upo uwanja wa mashimo 18 unaopakana na nyumba za makazi na za wageni, ambako punda milia na swala hupita katikati ya mchezo. Jambo jipya ni kwamba uwanja sasa hujengwa ili nyumba zinazouzunguka ziuzike, na hapo ndipo ardhi huumia, kwa sababu kila ekari inayobaki bila nyumba huonekana kuwa hasara.

Karibu kila mradi wa namna hii huahidi kuhifadhi mazingira na utamaduni. Naamini kwa dhati kwamba ahadi iliyoandikwa katika kijitabu cha mauzo haidumu kupita mauzo yenyewe, na kwamba inayodumu ni ile iliyosajiliwa juu ya ardhi, ikamfunga mwenye kuuza, mwenye kununua na atakayerithi. Ndiyo sababu hatua za mwanzo zimepewa nafasi kubwa hapa kuliko hatua za ujenzi.

Hatua ya kwanza: jua ardhi ni ya nani, na ilikuwa ya nani

Sehemu kubwa ya mashamba ya Nakuru ilikuwa ndani ya eneo lililotengewa walowezi wa Kizungu, ambao sheria ya mwaka 1915 iliwaruhusu kupewa mikataba ya kukodi ya miaka 999. Baada ya uhuru, mashamba mengi yalinunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi. Wanachama walichanga hisa, wakagawiwa vipande, na wako waliofariki dunia bila kushika hati. Kwa hiyo usitosheke na cheti cha uchunguzi kinachoonyesha jina la mmiliki wa leo. Soma historia nzima ya kipande hicho katika sajili, linganisha ramani ya upimaji na mipaka iliyopo, kisha uitembee mipaka hiyo pamoja na mpima ardhi na majirani wote wanaopakana nawe. Jirani mmoja mzee anayeonyesha mahali jiwe la mpaka lilipokuwa anaweza kukuokoa na kesi ya miaka mingi.

Uliza pia ni nani waliishi hapo kabla ya hati yoyote kutolewa. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Serikali ya Kenya ilikiuka haki za jamii ya Ogiek wa Msitu wa Mau, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia. Mradi unaopakana na Mau au Eburru hauwezi kuanza kana kwamba uamuzi huo haukutolewa. Kama ardhi ni ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka uamuzi wa kuitoa kwa mwekezaji ufanywe na mkutano wa jamii yenyewe, wala si wazee watatu waliokutana hotelini.

Ikiwa mwekezaji si raia, au kampuni yake ina hata mwenyehisa mmoja asiye raia, ibara ya 65 ya Katiba inamruhusu kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Ardhi ya kilimo nayo haiuzwi wala haigawanywi bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na maombi ya idhini hiyo hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba kufanywa. Hakikisha mke au mume wa muuzaji amekubali kwa maandishi. Mimi naona vyema familia isiuze kabisa, bali ikodishe kwa muda uliopangwa, ili wajukuu wawe na kitu cha kurudishiwa.

Hatua ya pili: chora ramani ya pasipojengwa

Kazi hii ifanywe kabla ya mbunifu wa uwanja kuitwa. Wengi huanza na mchoro wa mashimo, kisha wakatafuta mahali pa kubana kijito na makaburi yaliyobaki. Mchoro mzuri ukishapendwa, kila kitu kinachouzuia huonekana kuwa kikwazo. Ramani ya makatazo ikitangulia, mbunifu huichukua kama hali ya ardhi, sawa na mteremko au upepo.

Anza na maji. Kanuni za maji hutenga ukanda wa kingo za mto wa upana wa kati ya mita 6 na mita 30, kufuatana na upana wa mto wenyewe. Chukua mita 30 kila upande hata kama sheria ingekubali pungufu. Kwa maziwa, usiamini ufuo unaouona leo. Kuanzia mwaka 2010 hivi maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda, na kufikia mwaka 2020 Ziwa Naivasha lilikuwa limeingia katika makazi ya Kihoto huku Ziwa Nakuru likifunika barabara na majengo ya hifadhi. Waulize wavuvi na wenyeji maji yalifika wapi wakati huo, pima mstari huo, kisha uweke nyumba zako juu yake kwa nafasi ya kutosha. Upande wa Kisumu, vinamasi vya mafunjo kama kile cha Dunga huchuja maji yanayoingia ziwani na kuwatunza samaki na ndege. Kinamasi cha namna hiyo kikiwa ndani ya shamba lako, kizungushie mpaka na ukiache.

Fuata nyufa za ardhi. Nakuru iko juu ya bonde linaloendelea kupanuka, na udongo wake wa majivu ya volkano humomonyoka upesi. Ufa uliofukiwa na majivu kwa miaka unaweza kufunguka baada ya mvua moja kubwa. Mwanajiolojia atembee shambani mara baada ya masika, wakati dalili ziko wazi.

Njia za wanyama zinahitaji msimu mzima wa kuangaliwa. Viboko hutoka Ziwa Naivasha usiku kwenda malishoni, na wanyama wa hifadhi ya Soysambu na Ziwa Elementaita hawajui mpaka wa hati. Uzio wa umeme unaozunguka shamba lote huvunja njia hizo. Zungusha uzio kwenye makundi ya nyumba peke yake, na uwanja uachwe wazi pale wanyama wapitapo.

Urithi wa watu ndio unaosahaulika mara nyingi, kwa kuwa hauonekani katika picha za kutoka angani. Wazee wakutembeze shambani, wanaume kwa wanawake, kwa makundi tofauti na kwa siku tofauti, kwa sababu wanawake wanajua chemchemi, kuni na dawa za mitishamba ambazo wanaume hawatazitaja. Andika makaburi yote, pamoja na yasiyo na saruji. Katika nchi ya Wajaluo andika maboma yaliyohamwa, kwani ukoo huendelea kuyataja mahame hayo katika nasaba yake na katika madai ya ardhi. Kwa Wakipsigis tafuta vilima vya ibada, vinavyoitwa kapkoros. Kwa Wakikuyu wa Nakuru, mti wa mugumo. Kwa Wabukusu wa Bungoma, ambao hutahiri vijana wao mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa 2, kijana hupelekwa mtoni alfajiri akapakwe matope, na mahali pa matope hapo panajulikana. Ukifunga njia ya kwenda huko, umefunga sherehe ya ukoo mzima.

Halafu kuna yale ya kale zaidi. Hyrax Hill, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alichimbua kuanzia mwaka 1937, iko ukingoni mwa mji wa Nakuru, na Kariandusi karibu na Gilgil imejaa mashoka ya mkono ya mawe. Kioo cheusi cha volkano kutoka Mlima Eburru kilisafirishwa mbali katika zama za mawe ili kitengenezewe visu na mikuki. Kwa hiyo shamba lenye vipande vyeusi vinavyong'aa vilivyotapakaa mchangani huenda ni karakana ya watu wa kale, na mtaalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya aitwe alitazame kabla ya tingatinga kufika. Kusini zaidi, kuta za mawe za Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zilizojengwa kwa namna hiyohiyo zipo mahali pengi katika eneo hilo, na nyingine ziko ndani ya mashamba ya watu.

Mwishowe, weka juu ya ramani njia za miguu zinazotumiwa na watoto wa shule, wachota maji na mifugo. Zihesabu kuwa barabara.

Hatua ya tatu: ipeleke ramani barazani

Kanuni za mwaka 2003 za tathmini ya athari kwa mazingira zinataka angalau mikutano mitatu ya hadhara pamoja na watu watakaoathirika. Mikutano hiyo mara nyingi hufanywa mwisho, mchoro ukiwa umekamilika, na wananchi wanaitwa kunywa soda na kutia sahihi. Ifanye mapema, ukiwa na ramani ya makatazo peke yake, na uitundike ukutani kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji. Swali la baraza la kwanza liwe moja: tumeacha nini? Chifu ataitisha, lakini mwenyekiti asitoke kwa mwekezaji. Muhtasari uandikwe na kusomwa papo hapo kabla ya watu kuondoka.

Usitaje ajira katika baraza hilo. Mtu aliyeahidiwa kazi kwa ajili ya mwanawe hawezi tena kusema kwa uhuru kwamba kaburi la babu yake liko katikati ya shimo la saba.

Hatua ya nne: sajili ahadi juu ya ardhi

Hii ndiyo hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inaruhusu mahakama kuweka juu ya ardhi masharti ya uhifadhi yanayoweza kudumu milele, na masharti hayo huandikwa katika sajili ya ardhi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakubali masharti kama hayo yawekwe kwa makubaliano ya hiari. Sheria za ardhi za mwaka 2012 nazo zinatambua haki ya njia na makubaliano ya kutotumia ardhi kwa namna fulani. Mwambie wakili wako achague chombo kinachofaa kila sehemu: masharti ya uhifadhi kwa kingo za mto, kinamasi na mapito ya wanyama, haki ya njia kwa vijia vya mtoni, makaburini na shuleni, na makubaliano ya kutojenga kwa eneo lote la uwanja wa gofu.

La mwisho hilo lina sababu yake. Biashara ya gofu ikilegea, ardhi ya uwanja huwa kishawishi kikubwa cha kukatwa viwanja vya nyumba zaidi, na walionunua nyumba kwa ajili ya mandhari hujikuta wakitazama ukuta. Makubaliano yaseme wazi kwamba mchezo ukikoma, ardhi hiyo itarudi kuwa malisho au msitu. Mnunuzi makini ataulipia ulinzi huo bei nzuri, kwa hiyo mwenye mradi hapotezi.

Hatua ya tano: pima maji kabla ya kuamua idadi ya mashimo

Uwanja wa mashimo 18 huhitaji ekari 120 hadi 150, na wa mashimo 9 karibu nusu yake. Ekari moja ya nyasi ikinyweshwa milimita 5 kwa siku ya kiangazi hutumia lita zipatazo 20,000. Ukimwagilia ekari 40, umeshatumia lita 800,000 kwa siku moja, na bado hoteli na nyumba hazijapata maji. Naivasha hupata mvua ya milimita zipatazo 650 kwa mwaka, ilhali Kakamega hupata karibu 2,000. Hesabu moja haiwezi kufaa pote pawili.

Fanya hivi. Chukua maji machafu ya nyumba kuwa chanzo cha kwanza cha umwagiliaji. Nyumba 200 zenye watu 4 kila moja, wakitumia lita 150 kila mmoja, hutoa karibu lita 120,000 kwa siku. Yakipitishwa katika mabwawa ya kuchuja yaliyopandwa mafunjo na matete, yanatosha kunywesha ekari 6, yaani grini zote (nyasi fupi zinazozunguka kila shimo) na sehemu zote za kuanzia mchezo katika uwanja wa mashimo 18. Feawei, yaani nyasi ndefu za njia inayotoka mahali pa kuanzia hadi kwenye grini, ziachiwe mvua. Zitageuka rangi ya kahawia mwezi wa Januari na Februari, na mchezaji aliyefika Bonde la Ufa hana budi kuzoea rangi hiyo. Ongeza bwawa la kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa na barabara.

Kisima kirefu kiwe akiba ya mwisho. Maji mengi ya chini ya ardhi Nakuru yana floraidi kupita kiasi, na ndiyo maana meno ya wengi waliokulia huko yana madoa. Mengine yana chumvi ya sodiamu inayoua nyasi na kuugandisha udongo. Yapime kabla ya kununua pampu. Kibali cha kuchukua maji hutolewa na mamlaka ya rasilimali za maji, lakini zungumza kwanza na chama cha watumiaji wa maji cha mto wenu, kwa kuwa wanachama wake ndio watakaolala bila maji ukizidisha.

Baada ya hesabu hizo, sehemu nyingi za Naivasha, Gilgil na Elementaita zitaonyesha kwamba mashimo 9 yanatosha. Kubali jibu hilo. Mchezaji akitaka 18 atazunguka mara mbili.

Hatua ya sita: vibali

Hapa njia inajulikana, na mshauri yeyote mwenye leseni ataifuata: kibali cha ujenzi na mabadiliko ya matumizi ya ardhi kutoka kwa serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya mwaka 2019, leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, baada ya utafiti kamili wa athari, kibali cha maji, na kibali cha kutoa maji machafu yaliyosafishwa. Wananchi wasioridhika na leseni wanaweza kwenda katika Baraza la Rufaa la Mazingira. Usianze kuchimba wakati rufaa ingali wazi.

Hatua ya saba: ujenzi na nyasi

Ondoa udongo wa juu kwa uangalifu, uulundike kando na kuufunika, kisha uurudishe. Usisawazishe vilima. Fuata umbo la ardhi, ujenge kwa awamu, na usifungue zaidi ya ekari chache kabla ya mvua. Kila genge la wachimbaji liwe na mtu aliyefundishwa kutambua mfupa, kigae na jiwe lililochongwa, naye apewe mamlaka ya kusimamisha mashine. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1895, na anayevigundua ana wajibu wa kuyajulisha Makavazi.

Nyasi za Kikuyu ni za nyanda zetu wenyewe za juu na husitawi bila kubembelezwa. Zipande kwenye feawei, lakini zisiachwe kutambaa hadi msituni. Nje ya feawei acha nyasi ndefu za asili, leleshwa na migaa, ili ndege wapate mahali. Ukihitaji miti ya kivuli, panda ya kienyeji, wala usilete mikaratusi karibu na chemchemi.

Mbolea na dawa zitumiwe kwa kipimo. Ziwa Nakuru, Elementaita na Naivasha hayana mto unaotoka juu ya ardhi, kwa hiyo bonde ni kama karai: kinachomwagwa kwenye mteremko hushuka na kukaa. Maziwa yote matatu yamo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za kimataifa, na Nakuru na Elementaita ni sehemu ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2011. Kisumu nako, mbolea inayofika Ziwa Viktoria hulisha gugu maji linalowafungia wavuvi njia. Pima udongo kila mwaka, tia mbolea kidogo kidogo, usitie kabisa ndani ya mita 30 kutoka majini, na dawa ya wadudu itumike mahali palipoonekana wadudu tu. Mizinga ya nyuki ikiwekwa kuzunguka uwanja, warina asali watakuwa wa kwanza kukuambia umekosea.

Hatua ya nane: sehemu ya wenyeji, na kukabidhi mradi

Sasa zungumzia ajira, kwa mikataba iliyoandikwa. Wabeba mifuko ya wachezaji wasiachwe kuishi kwa bahashishi. Wapewe kima cha chini kwa kila mzunguko, bima ya afya na siku ya kucheza wao wenyewe. Vijana wengi wa klabu zetu wamejifunzia mchezo huu katika kazi hiyo. Hoteli iandike kiasi cha maziwa, mboga na samaki itakachonunua kutoka kwa vikundi vya karibu, na ilipe ndani ya wiki mbili, kwa sababu mkulima mdogo hawezi kungoja miezi mitatu.

Sehemu ya bei ya kila nyumba, mara ya kwanza na kila inapouzwa tena, iingie katika mfuko wa udhamini wa wenyeji, na sharti hilo liwe ndani ya mkataba wa mauzo. Wadhamini wachaguliwe na vijiji, hesabu zikaguliwe na kusomwa barazani kila mwaka. Kama mna ngoma, hadithi au ufundi ambao hoteli inataka kuutumia kuvutia wageni, Sheria ya Maarifa ya Jadi ya mwaka 2016 inawalinda wenyewe. Wakubali kwanza, walipwe, nao waamue ni yapi yasiyochezwa mbele ya wageni.

Siku moja mwendelezaji atamaliza kuuza na kuondoka, na usimamizi utahamia kwa kampuni ya wenye nyumba. Wengi wao hawatakuwa wamehudhuria baraza lolote. Kwa hiyo wape pamoja na funguo nakala ya ramani ya makatazo na masharti yaliyosajiliwa, na katiba ya kampuni hiyo iwatengee wenyeji viti viwili vyenye kura kamili. Ukaguzi wa mazingira unaotakiwa kila mwaka ufanyike kwa kuitembea mipaka ya ramani hiyo, mzee mmoja na kijana mmoja wa kila kijiji wakiwemo, na ripoti yake ibandikwe kwa chifu siku hiyohiyo inapopelekwa NEMA.